Kutengeneza Nyumba za Wazee Usukumani

Wasikilizaji, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya katika kitabu, nataka kusema juu ya kazi ambayo kila mtu aliyezaliwa kijijini aijua, lakini ni wachache waifikirio: kazi ya kutengeneza nyumba ya mtu asiyeweza kuitengeneza mwenyewe. Nitaieleza kama ifanywavyo katika vijiji vilivyo nyuma ya Nyegezi, kusini ya mji wa Mwanza, penye vilima vya mawe makubwa, na ghuba ya ziwa upande wa machweo. Nimekwenda huko wakati wa kiangazi mara nyingi pamoja na wanafunzi wangu wa ualimu, na kila safari twarudi na udongo katika nguo na maneno mapya masikioni.

Kwanza yafaa tujue jinsi nyumba iharibikavyo. Watu husema ya kuwa mvua huiangusha nyumba kutoka juu. Mara nyingi huiangusha kutoka chini. Tone likianguka kutoka upenuni hurusha matope, na matope hayo huupiga ukuta mahali pale pale, masika kwa masika, mpaka chini ya ukuta pamelika kama muhogo ulioguguniwa na panya. Mtu mwenye nguvu akiona hivyo huweka mawe na kukandika udongo mpya. Ajuza asiye na mtoto wa kumsaidia huona pia, maana nyumba ni yake na hulala ndani yake; lakini hana mikono. Kisha mchwa hupanda katika nguzo, paa hulemea upande mmoja, nyasi huteleza, na maji huingia. Jirani apitaye njiani huona paa tu, akasema, "Nyumba ya mama yule yataka nyasi." Kumbe nyasi ndiyo kazi ya mwisho.

Basi kazi yetu huanzia chini. Huku Mwanza Mungu ametupa mawe bila hesabu, wala hapana haja ya kuyanunua. Twayapanga kuzunguka ukuta mpaka yafike goti, tukachimba mfereji mdogo wa kuyapeleka maji mbali. Udongo wa kukandika hutoka katika kichuguu, kwa kuwa mchwa wamekwisha kuuchagua na kuulainisha. Fundi awaye yote hatafanya vizuri kuliko wao. Udongo huloweshwa usiku kucha, ukatiwa nyasi zilizokatwa vipande vifupi, ukakanyagwa kwa miguu. Kazi hii ya kukanyaga huwapendeza watoto wa shule kupita masomo yote. Mkando wa kwanza huachwa ukauke na kupasuka. Asiyejua hukasirika akiona nyufa, lakini nyufa hizo ndizo zinazoushika mkando wa pili. Mwisho wanawake husiriba kwa udongo mwembamba uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, na hapo sisi wanaume huambiwa tusogee tusiharibu.

Nguzo mpya huchomwa moto kidogo mwisho wake kabla ya kutiwa ardhini, ili mchwa wasiipende upesi. Fito na nyasi zamani zilipatikana kila mahali. Baadaye miti ilikwisha, kwa sababu ya kufyeka vichaka ili kufukuza mbung'o, na kwa mashamba ya pamba, na kwa wingi wa ng'ombe. Katika mkoa wa Shinyanga mwaka 1986 ilianzishwa kazi ya kuhifadhi ardhi iliyoitwa HASHI, nayo iliwahimiza watu kuirudia desturi ya wazee wao, yaani ngitili. Ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili nyasi zikue, wapate ng'ombe kula wakati wa kiangazi. Penye ngitili mtu hupata pia fito na nyasi za kuezekea. Pasipo ngitili hutembea mbali, au hununua.

Mtu ataniuliza, "Kwa nini msiweke mabati, mkamaliza?" Neno hili ni la haki. Bati halili na mchwa, tena hukusanya maji. Ninyi wanafunzi fanyeni hesabu hii: mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1. Paa la mita 30 za mraba likipata mvua ya milimita 20 litatoa lita 600, na hiyo ni ndoo 30 ambazo bibi hakuzipandisha kilimani kutoka ziwani. Lakini bati lataka kenchi zilizonyoka na misumari na fedha. Nao ukuta wa zamani uliopinda huenda usiweze kuchukua kenchi. Mwenye fedha na aweke bati. Tusiwaache wasio na fedha wakalowa huku tukiingojea.

Sasa nije kwa watu. Wasukuma tangu zamani wana desturi ya kazi ya umoja. Vijana wa kijiji walikuwa na chama chao, na mkubwa wao aliitwa nsumba ntale, naye aliweza kuwaita wote kwenda kulima shamba la mtu au kumjengea. Kundi la kulima liliitwa elika. Hawakulima kimya, ngoma ilipigwa, na majembe yalipanda na kushuka pamoja, na kutoka humo ilikuja ngoma ya bugobogobo, ambayo wachezaji wake hurusha majembe juu na kuyadaka. Jirani zetu nao wana yao. Baganda huiita bulungi bwansi, Wanyarwanda umuganda, na watu wa Kenya husema harambee. Hata chama cha Habitat for Humanity, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1976 ili watu wajengeane nyumba, kina mizizi Afrika. Maana waliokianzisha, Millard Fuller na mkewe Linda, walikaa Mbandaka katika nchi ya Kongo, ambayo siku hizo iliitwa Zaire, tangu mwaka 1973 hata 1976, wakijenga nyumba pamoja na wenyeji.

Katika safari zetu mtu wa kwanza kutafutwa ni mwezekaji. Huyu tuliye naye ni mzee mfupi, mwenye ugoro katika kikopo cha pembe, wala hapandi ngazi kabla ya kuzunguka nyumba mara mbili akiwa kimya. Hupima kila kitu kwa mkono wake. Nalimletea futi ya mbao kutoka chuoni, akaitazama sana, akamrudishia mwanafunzi mmoja akisema, "Mpe mwalimu, ataipoteza." Paa la nyasi, asema, lazima liwe na mteremko mkali hata kuku asiweze kusimama juu yake, likiwa la mteremko mdogo maji hukaa, na nyasi huoza. Huanza kufunga upenuni na kupanda juu, ili kila safu ifunike vifundo vya safu iliyo chini yake. Upenu huuacha utokeze urefu wa mkono, na sababu yake mmekwisha kuisikia. Akiona kifungo kilicholegea hasemi neno. Hukikata kwa panga, na aliyekifunga hurudia.

Mwenzake ni mvuvi wa pwani ya Nyegezi, mtu wa maneno mengi, ambaye husema ya kuwa nyumba ni mtumbwi uliopinduliwa, kwa hiyo wavuvi ndio mafundi wa kweli. Hutuletea nyavu kuukuu, na kwa nyavu hizo tunalifunika paa lote juu ili upepo wa ziwani usilifumue. Yeye na mwezekaji hawakubaliani katika jambo lo lote, hata namna ya kukaa kivulini. Lakini nimeona ya kuwa mmoja asipokuja, mwingine huuliza habari zake mapema.

Tena yuko ningi. Neno hili ni jina la mtungaji na mwimbishaji wa ngoma. Ngoma za Wasukuma zimegawanyika pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu, kwa kufuata waganga wawili wa karne ya 19, na kila mwaka baada ya mavuno hushindana uwanjani. Wakati wa ngoma ndio wakati wa kuezeka, na kwanza tulidhani tutawakosa vijana. Mwezekaji alitufundisha akili. Aliwaita Bagika upande mmoja wa paa na Bagalu upande wa pili, akawaacha. Sijaona paa lililokwisha upesi namna ile. Matusi waliyoimbiana sitayasema hapa, lakini mwenye nyumba alicheka mpaka akaketi chini.

Sasa yanipasa kusema neno gumu, ambalo bila hilo kazi hii haifahamiki.

Nyumba za wazee wetu wengi hazina dirisha, na moto wa kupikia huwa ndani, juu ya mafiga matatu. Palipokwisha kuni, watu hupika kwa samadi kavu na mabua ya pamba, na moshi wake ni mkali. Mwanamke aliyekaa katika moshi huo miaka hamsini, macho yake huwa mekundu. Shirika la Afya Duniani limekadiria ya kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Lakini huku Usukumani macho mekundu yameua kwa njia nyingine pia. Watu wamedhani ni alama ya uchawi. Kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa kutuhumiwa uchawi, wanawake wengi kuliko wanaume, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilikuwa katika nchi ya Wasukuma. Hata baadaye, katika miaka ya 1990 na kuendelea, ajuza wengi walikatwa kwa mapanga usiku katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Sheria ya uchawi iliyotungwa mwaka 1928 humhesabu kuwa mkosaji mtu amtajaye mwenzake kuwa mchawi. Lakini sheria hukaa mjini, na mnong'ono hukaa kisimani.

Waliolifahamu jambo hili mapema ni watu wa Magu, mashariki ya Mwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 chama chao kiitwacho Maparece, kikisaidiwa na shirika la HelpAge, kilianza kuwatengenezea ajuza nyumba na kuwajengea majiko yasiyotoa moshi mwingi, huku wakiwafundisha wanakijiji kwa nyimbo na michezo ya kuigiza sababu ya macho kuwa mekundu. Mimi naona walichagua vema. Maonyo peke yake yamekwisha kutolewa miaka mingi. Jiko ni onyo linaloonekana kila siku.

Katika kijiji kimoja tuliitwa kutengeneza nyumba ya mjane mzee. Siku ya kwanza walikuja watu watano tu. Hapana mtu aliyekataa. Mmoja alikuwa na homa, mwingine alikuwa amesafiri, wa tatu ng'ombe wake alikuwa amepotea. Mwezekaji akaniambia kwa sauti ndogo ya kuwa wakati wa masika mtoto wa nyumba ya pili alikufa kwa homa, na jina la mjane limetajwa. Yeye mwenyewe alikwisha kujua. Alitupokea mlangoni, wanafunzi wakampigia magoti wakasema, "Mwangaluka, mayu," naye akawajibu mmoja mmoja, akiwatazama nyuso zao kama mtu anayehesabu.

Tulianza na mawe. Jioni nilimwambia habari ya dirisha. Akasema, "Dirisha la nini, mwanangu? Mwizi anao mlango." Nikamweleza habari ya moshi na macho. Akajibu, "Macho yangu nayajua. Nayaona katika macho ya watu." Hapo mwezekaji akaingia katika maneno, na kwa mara ya kwanza alisimama upande wa bibi. Alisema ya kuwa moshi ndio mlinzi wa paa. Hukausha nyasi na kuwafukuza wadudu. Ukitolewa wote, baada ya miaka michache paa litaliwa. Neno hili ni kweli, na ndiyo sababu wazee hawakutoboa paa zao. Si ujinga, kama wadhanivyo watu waliosoma nusu. Tukabishana mpaka mwezi ukatoka. Shauri lililotupatanisha ni lake mwezekaji: jiko la udongo lijengwe nje, katika kibanda chenye kuta za kufika kifuani, chini ya upenu wa nyumba yaachwe matundu madogo, asiyoweza kupita mwizi wala fisi, na mara moja kwa mwezi bibi awashe ndani moto wa majani mabichi, kisha atoke, aende kumtembelea mtu, paa livute moshi wake peke yake.

"Niende kumtembelea nani?" akauliza bibi.

Hakuna aliyemjibu. Yule mvuvi, ambaye maneno hayamkauki, aliinama akafunga kamba.

Siku ya pili alikuja ningi na kundi lake. Alisema amekwisha kuimbwa vibaya na watu wakubwa kuliko hao wanong'onao, wala hakufa. Mchana bibi akapika ugali na mlenda na dagaa, akauweka katikati. Wasikilizaji, ninyi mwajua desturi yetu: mtu hawezi kufanya kazi katika nyumba ya mwenziwe asile. Na mwajua pia ya kuwa anayetajwa kwa uchawi, chakula chake huogopwa. Vijana walinawa mikono polepole sana. Mmoja aliona mwiba mguuni. Ndipo alipofika mganga wa kijiji, mzee ambaye tangu asubuhi alikuwa amekaa juu ya jiwe akitutazama. Nasi tulidhani amekuja kupeleleza. Akanawa, akaketi, akakata tonge, akala. Kisha akala tena. Kisha akanyosha bakuli kwa bibi, akasema kwa Kisukuma ya kuwa mlenda haukutiwa chumvi ya kutosha, lakini aongezewe.

Vijana wakala wote. Kesho yake hatukuweza kuwahesabu waliokuja, maana wengine walikuja na watoto wao.

Haya ndiyo niliyotaka myafahamu juu ya kazi ya kutengeneza nyumba kwa umoja. Nyasi twaweza kuzinunua, na fundi twaweza kumlipa, nyumba ikakwisha katika siku moja na bibi akabaki katika hatari ile ile. Lakini watu arobaini waliokula mlenda wake hawawezi tena kusema hawamjui. Ndiyo sababu sitaki wanafunzi wangu wafanye kazi ambayo jirani angeweza kuifanya, hata kama jirani huyo hufanya polepole.

Sisemi ya kuwa mnong'ono ulikwisha. Baba wa mtoto aliyekufa hakuja. Siku zote tatu aliketi chini ya mwembe wake, akitutazama, nasi hatukumwita, maana msiba wake ulikuwa wa kweli. Siku ya tatu, karibu na jua kuchwa, kamba zilitupungukia. Akaja mtoto wake wa kiume, wa miaka kama kumi, amebeba mzigo wa kamba kichwani. Akautua, akakimbia. Mwezekaji akaufungua, akazivuta kamba moja moja, akasema ni nzuri. Tukazifungia kilele cha paa.

Nalipita huko baada ya mvua za vuli. Macho ya bibi yalikuwa mekundu vile vile. Moshi wa miaka mingi hauondoki kwa miezi michache, na kwa macho nalimshauri aende hospitali, kwa kuwa yako magonjwa mengine ya macho yenye dawa. Ukuta ulikuwa mkavu chini. Kuku walikuwa wamelitwaa lile banda la jiko, naye alilalamika sana juu yao, nikaona ya kuwa hali yake ni njema. Nikamwuliza siku ya kufukiza paa huenda wapi. Akaonyesha kwa kidevu nyumba ya mke wa ningi.

Wazee wengi wakumbuka mwaka 1973, wakati redio ilipoongoza mafunzo ya Mtu ni Afya, na watu wapata milioni 2 walikaa katika vikundi wakisikiliza na kusoma pamoja, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kusafisha viwanja vyao. Kikundi cha kusikiliza chaweza pia kuwa kikundi cha kuezeka. Anzeni kwa kuzunguka kijiji kabla ya vuli, mkatazame chini ya kuta, si juu ya paa. Mwulizeni mwenye nyumba analotaka, hata kama jibu lake halitawapendeza. Nyasi zikatwe zikiwa zimekauka kusimama, mwezi wa Juni au Julai, zianikwe, zifungwe mafungu yanayokumbatika. Udongo uloweshwe jana yake. Nyavu kuukuu ziombwe kwa wavuvi mapema, kabla hawajazigawa kwa wenye bustani.

Sisi mwaka huu tumeonyeshwa nyumba mbili, moja karibu na mawe ya juu, na moja bondeni ambayo nguzo yake ya kati imekwisha. Mwezekaji amekwisha kuzizunguka zote mbili. Atakayekuja na aje na panga lake, maana la mzee haliazimwi.